Bomba la Wifi Limepasuka Tena

Jumatatu, 3 Machi

Limepasuka tena. Mara ya pili! Wifi ameingiza gari karakanani kwangu kwa makelele ambayo siyaelezi hapa, mama mkwe ameshayaeleza yote kutoka dirisha la jikoni, na majirani wamesikia.

Nikaingia chini na tochi. Ufa uko palepale, pale mabomba manne ya kutoka kwenye injini yanapokutana na kuibeba turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Ila — na hili nataka liandikwe mahali — mshono wangu wa kuchomelea ni mzima. Kilichopasuka ni bomba lenyewe, upana wa kidole pembeni ya mshono. Nikamwambia wifi. Akasema sawa, atawaeleza hivyo watu wa uwanja wa mbio wakiwa wanamvuta kwa kamba: samahani jamani, mshono ni mzima.

Ana mdomo huyu mtu.

Mezani mama mkwe akasema gari liuzwe. Ni gari la marehemu baba mkwe, lilikaa miaka chini ya turubai nyuma ya nyumba, na sasa anaona heri lingebaki hukohuko. Mnunuzi ameshampata. Nilingoja wifi aje juu. Hakuja juu. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akasema Jumapili ana mbio za raundi kumi. Likipasuka tena, na wauze. Mume wangu akaulizwa yeye kama kaka anasemaje. Akaomba sukari.

Jumanne, 4 Machi

Wifi aliporudi nyumbani ndoa ilipomshinda, alikuwa hasemi. Chumba cha nyuma, mlango umefungwa, sahani inaingia imejaa na inatoka imejaa. Siku moja nakata vyuma, nikamwona amesimama mlangoni. Akauliza lile gari chini ya turubai lina shida gani. Nikamjibu lina shida zote. Akatabasamu. Tangu siku hiyo hanyamazi. Hata nikiwa nimevaa kofia ya kuchomelea anagonga kioo, ahakikishe namsikia.

Gari likiondoka, mlango ule utafungwa tena. Najua. Sitaki hata kuuwaza.

Kwa hiyo kazi. Nimekata mabomba mapya, mazito kuliko ya kwanza. Wakati nachomelea nimepitisha gesi ndani pia, upande wa ndani usiote magamba. Magamba yakidondoka yanaingia kwenye turbo na kula mapanga yake. Halafu vishikio. Bomba la kwanza lilikuwa na kishikio kimoja, la pili viwili. Leo nimeweka vitatu, chuma kinene, turbo nimeifunga kwenye injini kushoto, kulia na chini. Nimeining'inia kwa mikono miwili, na mimi si mwepesi. Haikutikisika.

Wifi alikuwa ananitazama. Akasema ule mshiko angekuwa nao yeye, mume asingemponyoka.

Tumecheka mpaka nikakaa chini. Ni mara ya kwanza analitania lile jambo.

Jumatano, 5 Machi

Tumewasha. Mabomba yakapata moto, yakawa mekundu, mazuri kweli. Nilikuwa nimeanza kujisifu. Ndipo nikasikia mlio mdogo tu, kama kijiko kinagonga kikombe. Nikazima.

Kishikio cha kulia kimeng'oka. Na safari hii ni mshono wangu.

Nilimgeukia wifi nikiwa nimejiandaa kutaniwa. Hakunitania. Alisema "pole, wifi," akaenda ndani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Mimi ni mjinga. Naandika kwa furaha.

Nina mazoea yangu: kila nikifunga kitu napiga mstari wa chaki, nusu kwenye kilichofungwa na nusu kwenye kilichokishika. Kikisogea, mstari unaachana, nakiona. Leo asubuhi niliwasha injini bila kile kishikio kilichovunjika, nisikilize tu kama kuna panapovuja. Macho yakaenda kwenye chaki. Mstari wa juzi. Injini inapata moto, na nusu ya bombani inaondoka! Taratibu, mbele yangu, inaiacha nusu ya kwenye injini. Nikazima, nikakaa kwenye ndoo. Bomba lilivyopoa, nusu ile ikarudi mpaka zikakutana.

Kila anayekuja hapa kujifunza namwambia kwamba chuma kikipata moto kinarefuka. Ni somo la kwanza. Halafu mimi mwenyewe nakifunga pande tatu na kukiamuru kikae. Kilikuwa kinatafuta pa kwenda, hakuna, kinapasuka. Na kila kikipasuka nakiongezea mlinzi.

Nimemweleza wifi mezani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hata chuma unakibana pumzi?" Mume wangu akasema yeye hajasema kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebomoa vishikio vyote. Mabomba nimeyakata kabla ya kufika kwenye turbo, na sasa kipande kimoja kinaingia ndani ya kingine, kipate nafasi ya kutembea. Kishikio kimebaki kimoja, tundu lake refu, na springi chini ya nati. Kazi safi. Nimeipenda.

Tatizo ni sura yake ikiwa baridi. Wifi ameishika akaitikisa. Ikalia.

"Wifi, umenitengenezea debe."

Nikamwambia asubiri. Ikiwa baridi inacheza na kuvuja moshi kidogo, ikipata moto inavimba na kujifunga yenyewe. Tumewasha, ikapiga kelele za aibu, mama mkwe akafunga dirisha. Kisha kelele zikapungua. Kisha zikaisha. Wifi akaganda na kichwa upande, anasikiliza. Akasema hapa uani ni sawa, lakini kule kuna makona na matuta. Akaomba awe na spana ndani ya gari, akae na amani tu.

Nimekataa. Namjua. Akikaza, bomba limekwisha.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia uwanjani, spana zote zimo ndani ya sanduku, na sanduku nimelikalia.

Mama mkwe yuko safu ya mbele na mwavuli wake. Amekuja na mnunuzi, bwana mmoja mpole mwenye kofia mpya. Mume wangu amekaa katikati yao, anagawa karanga.

Mkaguzi amefika kwetu, akalishika bomba, akalitikisa. Lililia vizuri sana, watu wa gereji ya jirani wakageuka. Akaniambia nikaze. Nikamweleza. Akaniangalia kama mtu anayeuziwa kiatu kimoja. Mwishowe akasema anatoa raundi moja ya kupasha moto. Likirudi bado linalia, gari linatolewa mbioni.

Wifi alikuwa ameshavaa helmeti. Akafungua kioo. "Wifi, nikaze?"

"Usikaze."

"Watu wanacheka."

"Na wacheke."

Akaniangalia sana. Nikamshika mikono yote miwili. Nampenda huyu mtu. Sikumwambia, angenitania mwaka mzima. Akafunga kioo.

Ameondoka na debe letu, kishindo kote. Uzio mzima unacheka. Mnunuzi anacheka kwa adabu.

Amerudi. Mkaguzi ameinama na sikio kule. Mimi sipumui. Kimya! Injini tu. Ameitikia kwa kichwa, amepunga mkono, apite. Sanduku bado nimelikalia.

Raundi ya kwanza, ya pili. Ya tatu amempita mtu. Mume wangu amesimama na karanga zimemwagika.

Ya tano. Bomba jekundu, linaonekana hata kutoka hapa.

Ya sita. Kuna kitu kimelia kule kona ya mbali. Sijui ni gari gani. Vumbi. Simwoni. Mnunuzi amesimama atazame vizuri gari analolitaka, mikono kiunoni, mbele kabisa ya mama mkwe. Mama mkwe amemgonga mgongoni na mwavuli.

"Baba, sogea. Sitamwona mwanangu akipita."

Amesogea. Mama mkwe ameuweka mwavuli chini, ameshika uzio kwa mikono miwili. Kuna gari linatoka vumbini, ni letu, nalisikia, halilii —