Kadi ya Golikipa Iliyopigwa Pasi

Mdogo wangu,

Huku tupo, tunasukuma siku. Mwandiko usikushtue, naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeomba likizo. Paka amezaa ndani ya kabati la baba, nimemwachia.

Zile kadi za wachezaji mpira wa zamani alizokusanya marehemu baba nimeziweka mtandaoni ziuzwe, kama ulivyoagiza. Ya golikipa ndiyo iliyogombewa. Ulisema, "Dada, piga picha ya mbele tu, ya nyuma ya nini?" Lakini baba alikuwa fundi cherehani hasa. Kadi ilipokunjika aliifunika kitambaa akaipiga pasi kama suruali ya bwana harusi. Kwa mbele huoni kitu. Igeuze dirishani, mkunjo ule pale, kona hadi kona.

Basi nikapiga na nyuma, nikaeleza. Wanunuzi wakayeyuka, akabaki mzee mmoja aliyetoa nusu ya bei. Najua utafoka. Foka tu, mimi nimechoka kubishana. Mnunuzi angeipokea kwa furaha, halafu siku moja aigeuze. Ningemwambia nini?

Unauliza kila mara naendeleaje, na mbona sipokei ukipiga simu ya video. Naendelea vizuri. Picha yangu hii hapa ndani ya bahasha. Nimekaa upande, shavu la kushoto ndilo linaloangalia kamera, na nimetabasamu. Upande wa pili sijaupiga, kama ulivyonifundisha.

Ni mimi,
dada yako