Taa Alizonifungia Fidele

Jumapili, 3 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya kweli leo. Nimetoka ibada ya jioni nimelowa chapachapa — na taa za njiani zimeanza kucheza. Ya getini inawaka, inazima, inawaka. Ile ya katikati imefifia kabisa, nyekundu kama kaa linalokufa.

Sikupenda. Taa hizi Fidele alinifungia mwaka juzi, baada ya mimi kuanguka kwenye mtaro nikitoka mazoezi ya kwaya. Alichimba mwenyewe, akapitisha waya chini ya maua, akasimamisha vile vinguzo vyeupe hadi barazani. Marehemu mume wangu Tharsisi hakuziona. Majirani wakawa wanasema, kwa mama Fidele siku hizi ni kama hotelini! Nikavimba kichwa. Mwanangu, fundi umeme.

Nimempigia. Hapokei. Yuko Kibondo, kuna tajiri anajenga nyumba ya wageni, na yeye ndiye anayetia umeme.

Jumanne, 5 Novemba

Fidele kapiga asubuhi. Ana haraka. Anasema ni umeme mdogo tu, Kasulu nzima ndivyo ilivyo, ninunue balbu mpya. Nimeacha cherehani, nimekwenda sokoni, nimebadilisha mwenyewe. Jioni zimewaka vizuri hadi nikamaliza chai. Kisha yaleyale.

Ndani kwangu taa hazina shida. Kwa jirani hazina shida. Umeme mdogo gani unaochagua njia ya bustani?

Jumatano, 6 Novemba

Mbuzi wangu amekufa!

Yule mweusi, mwenye mimba. Nilimfunga jana karibu na taa ya katikati ale majani. Mvua imenyesha tena. Alfajiri nimemkuta amelala ubavu, miguu imekakamaa, taa juu yake bado inapepesa. Nikafikiri nyoka. Nikainama nifungue kamba — mkono wote ukatetemeka mpaka begani, nikaanguka kitako matopeni. Sijui nilijivutaje. Nimezima swichi ya nje kwa mpini wa ufagio.

Mana yanje, Mungu wangu. Hii si kazi ya nyoka.

Alhamisi, 7 Novemba

Amekuja Badru, yule fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Mtu wa maneno mengi. Alianza kuchimba anaimba. Baadaye akaacha kuimba.

Akaniita. Mama, njoo uone mwenyewe. Waya ni ule wa kupita ndani ya ukuta, tena mwembamba, umelazwa kwenye udongo hivihivi bila bomba la plastiki. Mchwa wameula. Kwenye maungio pamefungwa mfuko wa nailoni, basi. Ukifungua, maji yanamwagika. Waya wa usalama, ule wa kushusha umeme ardhini — hakuna kabisa. Ndiyo maana taa zilififia, anasema. Umeme ulikuwa unamwagikia udongoni badala ya kufika kwenye balbu.

"Nani alikufanyia hii kazi, mama?"

"Mtu tu. Alishahama."

"Basi huyo mtu hakupendi. Mshukuru mbuzi, ungekuwa wewe."

Ule mfuko wa nailoni ulikuwa umekazwa kwa uzi wa bluu. Uzi nimeutambua. Ni wa cherehani yangu.

Badru ameikata ile laini yote. Jioni hii njia ni giza tupu.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijashona kitu. Vitambaa vya watu viko mezani.

Kwa Mzee Nurudini! Kabla ya Idi Fidele aliwafungia taa za bustani, nyingi kuliko zangu, kuzunguka maua na kisima chote. Ni mimi niliyempeleka. Nimewashonea miaka na miaka, vitambaa vyangu vyote natoa dukani kwake, nikasema kwa kinywa changu: mwanangu amesoma chuo cha ufundi. Mzee akasema, kama ni mtoto wako, mama Fidele, sina la kuuliza.

Sina la kuuliza.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepeleka magauni kwa Zuhra, mke wa Nurudini. Kisingizio. Nilitaka kuona.

Tumekaa barazani hadi karibu na magharibi. Akawasha taa. Zinapepesa! Si zote — zile za upande wa bomba. Zuhra anacheka, anasema mvua ikinyesha huwa zinacheza ngoma, wamezoea. Halafu akasema, kama mtu anayesimulia kichekesho, kwamba hata bomba la bustanini siku hizi linauma. Ukilishika linakuwasha vidole. Dada wa kazi anasema lina jini.

Safina alikuwa anazunguka zile taa pekupeku, anazihesabu, anazishika vichwa. Mjukuu wao. Hajaanza hata shule.

Nikasema, "Mwite mtoto, asicheze huko."

"Kwa nini?"

Nikasema — nyoka. Nimeona kama nyoka pale.

Zuhra akamwita. Nikaaga. Nimetembea hadi nyumbani bila kumsalimu mtu.

Jumapili, 10 Novemba

Sijaenda kanisani. Nimempigia Fidele mpaka amepokea. Nimemweleza ya mbuzi. Nimemweleza ya waya.

"Fidele, chuo ulimaliza?"

"Mama, hayo tuyaache."

"Ulimaliza?"

Hakumaliza. Aliacha muhula wa pili, baba yake alipolazwa Kabanga. Hakurudi tena. Alikuwa anaondoka hapa kila asubuhi na mkoba wake, anakwenda kushika tochi kwa mafundi mjini, anatazama wanavyofanya. Alikuwa anaogopa kuniambia, anasema, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naimba kila mahali kwamba ana chuo.

Sikukasirika. Ningekasirika ningepata nafuu.

Nikamwambia za Nurudini lazima zizimwe leo. Akaanza kulia — mwanamume mzima! "Usiwaambie, mama yangu. Wakijua, tajiri wa hapa atasikia, wote ni wafanyabiashara, wanajuana. Nitakuja Jumatano. Nitasema ni ukaguzi tu, nitabadilisha kimyakimya."

Nikakubali. Nimemzaa mimi.

Jumatatu, 11 Novemba

Jua. Namshukuru Mungu kwa jua.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepika maharage na ugali wa muhogo anaoupenda. Nimekaa barazani tangu asubuhi. Kila pikipiki inayopanda nasema ndiye.

Jioni ujumbe: tajiri hajaniruhusu, naja wikiendi, usiseme kitu mama.

Chakula nimempa jirani.

Alhamisi, 14 Novemba

Jua tena mpaka mchana. Halafu mawingu upande wa Muyama, meusi. Nimesimama uani nayatazama kama mtu anayemtazama mdai. Yamepita pembeni. Wamenyeshewa wengine.

Nikijaribu kushona, nikiona uzi wa bluu naacha.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimesema.

Saa nane hivi upepo ukageuka, nikasikia harufu ya mvua. Nikaacha cherehani ina kitambaa, nikavaa kandambili, nikaenda. Nusu nikikimbia. Sikuwa nimepanga maneno.

Mzee Nurudini alikuwa ametoka msikitini, anakula na Zuhra. Wakasema karibu chakula. Nikasimama mlangoni. Nikasema zimeni taa za bustani, zimeni na swichi kuu, mwanangu hajui kazi ile, mimi kwangu imeua mbuzi. Nikasema na chuo hakumaliza. Yote, kwa pumzi moja.

Mzee alinawa mkono, akaenda kwenye mita, nikasikia tak! Friji ikanyamaza. Akarudi.

"Umejua tangu lini, mama Fidele?"

"Tangu wiki iliyopita."

Zuhra alikuwa ananitazama tu. Nilidhani atapiga kelele. Heri angepiga kelele.

"Uliniambia nyoka," akasema.

Nikatazama kandambili zangu.

"Safina alilia juzi pale bombani. Hataki kunawa. Mimi nikamchapa. Nikadhani ni ukaidi." Akaziba mdomo kwa mtandio. "Nimemchapa mtoto, mama Fidele. Na wewe ulijua."

Mzee akasema, kwa upole — upole unaoniuma hadi sasa — niende nyumbani, Fidele akifika tuje wote wawili. Mvua ikanikuta njiani. Sikujikinga.

Jumamosi, 16 Novemba

Fidele amekuja. Amefika mchana na pikipiki, amekonda, mkoba wa vifaa begani. Hakuingia ndani. Amekaa kwenye ngazi ya baraza anaitazama ile mifereji aliyoichimba Badru. Nimemletea uji. Hajaugusa.

"Umeshawaambia?"

"Nimeshawaambia."

Akainamisha kichwa. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Basi nimekwisha." Nikamwambia Mzee Nurudini anatungoja, tutakwenda pamoja, nitasimama naye. Akasema hawezi kumtazama Zuhra usoni. Nikasema hata mimi siwezi, lakini tutakwenda.

Nikashika mkono wake. Una malengelenge, ya kazi kweli. Mwanangu si mvivu. Nikamuuliza kwa Kiha, taratibu, kama nilivyokuwa namuuliza akiwa mdogo: mwana wanje, na ile nyumba ya Kibondo?

Akauvuta mkono wake.

Imekwisha?

Imekwisha, anasema. Amemaliza Alhamisi. Ndiyo maana hakuruhusiwa kuja Jumatano, tajiri alitaka taa ziwake.

Za nje pia?

Za nje pia. Kuzunguka ua wote. Na mafriji. Na vya kuchemshia maji ya kuoga, kila chumba.

Waya gani, Fidele?

Akaanza kusema tajiri alitaka vitu vya bei rahisi. Nikamkata. Sikuuliza tajiri alitaka nini.

Watu wameanza kulala?

Akaitikia kwa kichwa. Tangu jana. Kuna harusi leo, wageni wametoka hadi Makere. Vyumba vimejaa.

Nimekwenda ndani, nimerudi na simu yangu, nimeiweka kwenye ngazi kati yetu. Yake anasema haina chaji. Nimemwambia apige sasa hivi, mbele yangu, amwambie tajiri wake. Kwa Nurudini tutakwenda baadaye. Anasema atapelekwa polisi. Nimesema inawezekana. Anasema, Mama, ngoja kwanza, pengine huko haitanyesha.

Naandika hapa mlangoni, naye yuko palepale na simu mkononi. Ameandika namba. Ameifuta. Ngurumo zinasikika upande wa Kibondo. Anaandika tena.