Viungio vya Shaba Viko Kabatini

Basi mwanangu, vile viungio vya shaba ulivyotuma vimefika, ila mdogo wako hajavifunga kwenye pikipiki. Vya plastiki vinavyoshika mpira wa petroli vimepasuka, yeye kaziba nyufa kwa sabuni, eti vitahimili mpaka Ijumaa. Nikimsema anacheka: "Mama, umekuwa fundi lini?"

Na tangu wezi waje, pikipiki inalala jikoni.

Goti langu halijambo. Huyu fundi cherehani anayeniandikia hapa barazani anauliza harufu gani hiyo. Mimi nimeshaizoea. Asubuhi nimekuta sakafu imelowa. Nikisema tena watasema uzee, kwa hiyo nimeficha kibiriti, nikamwambia mkeo kimepotea.

Huyo ananiita huko jikoni: "Mama, usihangaike kutafuta, nimeazima cha jirani."

Ngoja niende.