Alama ya Tope kwenye Mikoko

Kilwa, Alhamisi alasiri

Baba mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama pia, maana najua atataka kusomewa barua hii. Natumaini kifua chako kimepoa na mahindi ya hapo Ndalambo yamepata mvua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, nisamehe mwandiko.

Unajua kazi yangu hapa kambini ni kufungua njia za miguu ambazo wageni hupita msituni kutazama ndege. Natembea kwanza mimi, kisha napaka miti rangi nyekundu ili anayefuata asipotee. Jumatatu nilikwenda kutafuta njia mpya. Mzee Athumani, mwenyeji anayeniongoza siku zote, alikuwa msibani, nikaenda peke yangu. Nilijiona nimeshazoea.

Nikapotea. Nikakumbuka ulivyotufundisha tukichunga ng'ombe: ukipotea tafuta maji, yafuate yanakoteremka, utafika kwa watu. Nikapata kijito, nikakifuata huku nikipaka rangi. Kikaniingiza kwenye mikoko, miti ya huku ambayo mizizi yake imesimama nje kama miguu. Hapo nikaona vigogo vimetapakaa tope hadi usawa wa kifua, mti baada ya mti. Baba, nilifurahi! Nikasema ng'ombe wametoka kunywa maji wakajisugua hapa, basi boma haliko mbali. Nikaketi juu ya mzizi nikala muhogo wangu.

Hapakuwa na alama ya kwato hata moja. Hilo sikuliwaza. Kilichonishtua ni kijito chenyewe: maji yaliyokuwa yakiteremka yalisimama, kisha yakaanza kurudi yalikotoka. Kimya kabisa. Nilipoinuka yakawa magotini. Nilikopita sikupaona tena, na kila nikikanyaga, mguu unazama kwenye tope. Nikapiga ule ukelele wetu wa kuitana ng'ambo ya bonde. Kwetu kilima kingenijibu. Huku sauti ilikwenda isirudi. Maji yakafika kifuani, pale pale penye tope la miti, ndipo nikaelewa kuwa si ng'ombe.

Aliyenisikia ni mama mmoja mtega kaa, Bi Somoe, akipita na mtumbwi wake mdogo.

"We nani unayeimba ndani ya maji?"

"Nimepotea, mama!"

"Hujapotea, unazama! Leo bamvua, bahari inajaa kupita siku zote, na wewe ndio unashuka? Nani kakufundisha?"

"Baba yangu."

"Basi msalimie sana huko bara, mwambie bahari haina mteremko. Haya, shika hapa. Na usinimwagie kaa wangu!"

Salamu hizo nakufikishia kama zilivyo. Usiudhike, alinivuta kwa mikono miwili huku akinitukana.

Njiani akanieleza kuwa tope la kwenye mti ndicho kipimo cha maji. Likiwa bado bichi, ujue yametoka karibuni na yatarudi. Na aliyepotea mikokoni huipa bahari mgongo, akapanda.

Lakini hofu yangu kubwa inaanzia hapo. Rangi yangu nyekundu bado iko kwenye miti, kuanzia msituni hadi mle ndani. Wageni wanafika Jumamosi, na mgeni akiona rangi anaamini. Nimemweleza msimamizi, akasema, "Aliyepaka ndiye atakayekwangua." Ni haki. Kwa hiyo kesho maji yakishakupwa narudi mle mle. Nimeliogopa hilo tangu Jumatatu. Hata maji ya ndoo yakitikisika nashtuka. Bi Somoe amekubali kwenda nami. "Nikisema toka, unatoka," ameniambia, "hata kama umebakiza mti mmoja." Nimemwapia, ila huo mti mmoja ndio unaoninyima raha.

Mama usimsomee sehemu ya maji. Msomee ya kaa, atacheka. Nisalimie Bibi, na shemeji anayetulimia shamba la bondeni. Dada Neema mwambie shati jeupe alilonishonea nimelifua mara nyingi, na mstari wa tope hautoki. Umekatiza kifuani, sawasawa na ile miti. Kesho nitalivaa hilo hilo, na kila mti nitakaoukwangua nitasimama ubavuni mwake kwanza nijipime.

Niombeeni.

Mwanao akupendaye,
Yohana