Jicho la Kushoto

Dada yangu mpenzi,

Huku tunamshukuru Mungu. Goti la Mama limepata nafuu, siku hizi anakwenda sokoni mwenyewe.

Jana nilikwenda kunyoa nikawakuta watu pale kwa kinyozi wanabishana kuhusu pambano langu la ngumi la Jumamosi. Fundi viatu alidai kwamba katika ushindi wangu uliopita nilibebwa na waamuzi. Kinyozi akaja juu: "Abebwe vipi, na mwenzake alianguka kama gunia?" Nikacheka nao.

Lakini Dada, jicho langu la kushoto halioni tena. Daktari amenikataza kabisa kupanda ulingoni. Basi nikajikaza, nikawaambia, "Jamani, mimi sipigani."

Wakaangua kicheko. "Bingwa kwa utani hajambo!" Wakanibeba mabegani hadi nyumbani, wakiimba. Mama alitoka mlangoni akipiga vigelegele, nami nikainua mikono juu kama bingwa.

Jumamosi nitapigana. Kijana nitakayepambana naye, ngumi yake kali ni ya kulia, kwa hiyo itanijia upande nisioona.

Mpigie Mama simu, umzuie kwa lolote asije ukumbini. Sababu usimwambie.

Ni mimi, mdogo wako wa kukuzonga kila siku.