Mchele wa Mayu Kwanza

Mkuyuni, Mwanza
Jumatatu, 4 Machi 2024

Mwanangu Machibya,

Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Huku mimi ni mzima, ila hili goti. Mvua ikikaribia linajua kabla ya redio.

Usinicheke kwamba naandika barua. Kukupigia simu ni mpaka upande kile kilima nyuma ya stesheni, na mimi niliishi na gadi wa treni miaka ishirini na sita, habari zake zote zilinifikia kwa mkono wa gadi mwenzake. Obedi, gadi wa sasa, amekubali kutubebea barua kwenye behewa lake pamoja na karatasi za mizigo. Tena amesema habebi bure, anataka ugali wangu.

Neno lenyewe ni mchele. Magunia yangu mia tatu yako kwenye ghala pale Isalanda, daraja la barabarani limebebwa na maji, na malori hayapiti. Wanunuzi wa Ukerewe wananisubiri bandarini Mwanza Kusini mpaka Ijumaa ya tarehe 15, baada ya hapo watanunua kwa mwingine. Nitafutie behewa moja, baba. Wewe ndiye stesheni masta, nani atakuuliza?

Jambo la pili. Safari iliyopita magunia sita yalipotea wakati wa kupakia. Vibarua wa huko wana mikono myepesi. Tafadhali mweke Chenge ahesabu, asiondoke mlangoni hata kidogo. Yule namwamini kuliko wewe.

Nakuombea.
Mama yako, Wilhelmina

—

Stesheni ya Isalanda
Alhamisi, 7 Machi 2024

Mayu, shikamoo.

Barua imefika, na Obedi anasema ugali ulikuwa mdogo. Sisi hatujambo. Mtoto wa pili alikuwa na homa, sasa anacheza.

Kuhusu behewa, mayu, hata stesheni masta ana daftari. Anayeandikishwa kwanza ndiye anayepakia kwanza, na mbele yako yupo Mzee Yeremia na mashudu yake ya pamba. Amesubiri wiki tatu bila kunung'unika. Mwanza wanatugawia mabehewa matupu kwa simu ya reli, leo moja, kesho hakuna, na mteja anaponijia mlangoni sina cha kumpa zaidi ya kiti.

Lakini mabehewa mawili yameahidiwa kwa Jumanne. Ikiwa hivyo, la kwanza ni la Yeremia na la pili ni lako. Yakija yote mawili, Ijumaa utakuwa bandarini.

Chenge nimemwambia. Amefurahi, akasema mayu anajua watu. Ila ujue hapa tumebaki wawili tu, mimi na yeye. Yeye ndiye anageuza njia, anakata na kuunga mabehewa, anafunga breki za mkono na kuweka magogo chini ya magurudumu. Magogo yenyewe kayachonga kwa mikono yake, ya mninga, kayapaka chokaa, na hataki mtu mwingine ayaguse. Stesheni yetu imekaa kwenye mteremko, kwa hiyo simlaumu.

Mwanao, Machibya

—

Stesheni ya Isalanda
Jumanne, 12 Machi, saa nne asubuhi

Mayu, shikamoo.

Naandika nimesimama, Obedi ameshaanza kupuliza filimbi. Behewa limekuja moja tu badala ya mawili. Yeremia hakuwepo, nimeliweka kwako, nitamweleza mwenyewe. Limekatwa sasa hivi, liko njia ya pili mbele ya ghala, na vibarua wameshaanza kupakia maana wingu limefunga upande wa Shinyanga.

Chenge yuko mlangoni anahesabu kama ulivyotaka. Ameniuliza mara mbili kama aende kwanza akafunge breki ya mkono na kuweka magogo. Nimemwambia breki za upepo zimeshika, hilo behewa haliendi popote, mchele wa mayu kwanza, magogo baadaye. Amecheka. Anakusalimia.

Andaa vibarua wa bandarini.

Mwanao, Machibya

—

Mkuyuni, Mwanza
Jumatano, 20 Machi 2024

Mwanangu,

Mko wazima? Nauliza kwa sababu sijui. Siku nane sijapata neno lako.

Obedi alikuja kwangu Jumatano ile, siku moja baada ya barua yako. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Mama, Chenge hatunaye. Behewa limemkanyaga pale njia ya pili." Nikamuuliza behewa gani, akavaa kofia yake akaondoka.

Mchele ulifika tarehe 18, magunia mia tatu kamili, halikupungua hata moja. Wanunuzi wa Ukerewe walikuwa wameshaondoka, lakini si hilo ninaloliandikia. Niandikie ilikuwaje.

Mama yako

—

Stesheni ya Isalanda
Jumanne, 2 Aprili 2024

Mayu, shikamoo. Poleni na mvua.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Wakubwa wamekuja mara mbili, wamepima njia, wamepiga picha, wameuliza maswali yaleyale mchana kutwa.

Ilikuwa hivi. Karibu na saa sita, mvua imeanza, behewa limejaa zaidi ya nusu, likaanza kutembea lenyewe kuelekea mteremkoni. Breki za upepo zilikuwa zimelegea. Chenge akaruka kutoka mlangoni, akachukua gogo lake, akakimbia mbele yake alitupie chini ya gurudumu. Kokoto zilikuwa zimelowa. Akateleza. Behewa lilisimama mita arobaini mbele, kwenye tuta la mwisho wa njia, halikuumia kitu.

Nimeandika taarifa. Nilimwagiza afunge breki ya mkono na kuweka magogo kabla treni haijaondoka, akaitikia ndiyo, kumbe hakufanya. Alikuwa mtu mzuri lakini siku ile alizembea. Ndivyo ilivyo, mayu, kazi yetu haisamehi.

Kwa kuwa kosa ni lake mwenyewe, Modesta mjane wake ameambiwa aachie nyumba ya reli ifikapo mwisho wa mwezi. Kamati ya uchunguzi inakaa Mwanza Jumatatu ya tarehe 29, baada ya hapo mambo yatakwisha.

Zile barua zangu, mayu, usiziweke. Nyumba yako ina panya. Zichome.

Mwanao, Machibya

—

Mkuyuni, Mwanza
Jumanne, 9 Aprili 2024

Machibya,

Salamu. Goti linauma lakini nilikwenda Kisesa.

Nilienda kumpa pole Modesta kwa wakwe zake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mtoto mdogo mgongoni, wengine wawili wanatembea tembea kama hawajui wakae wapi. Aliniambia wenzake Chenge wa reli hawakuja na sare kwenye mazishi. Kumbe mtu aliyekufa kwa uzembe wake hapewi hiyo heshima. Baba mkwe wake alitusikia, akasema kwa sauti, "Alikuwa mvivu tangu utoto." Modesta aliinama akaendelea kuchambua maharage. Mchele nilioupeleka ulikuwa pembeni yake na hakuna aliyeugusa.

Unaandika ulimwagiza, akaitikia ndiyo. Mimi sina panya, mwanangu. Barua ya tarehe 12 ninayo, na haisemi hivyo.

Niandikie tena, na safari hii uandike kama unaniandikia mimi.

Mama yako

—

Stesheni ya Isalanda
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mayu, shikamoo.

Sawa. Unajua.

Kila siku namwona amesimama pale mlangoni na karatasi yake ya hesabu, anageuka kuniuliza. Nilikuwa na haraka, ulitaka mchele Ijumaa, na mimi nilitaka mama yangu aone kwamba mwanawe ni mtu mkubwa kwenye reli. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Lakini fikiri, mayu. Nikisema, nafungwa. Watoto wangu wanatoka kwenye nyumba hii badala ya wa Chenge, basi. Yeye hawezi kurudi. Wewe unaweza kumsaidia Modesta kwa mchele, kwa kitambaa, kwa chochote, na mimi nitachangia kila mwezi mpaka watoto wakue, naapa. Mzee Yeremia mwenyewe amekaa kimya, na ndiye mwenye haki ya behewa lile.

Unafikiri baba angenipeleka kwa kamati? Baba aliyependa reli kuliko sisi?

Ichome, mama. Nakuomba kwa magoti.

Mwanao

—

Mkuyuni, Mwanza
Jumatano, 24 Aprili 2024

Mwanangu Machibya,

Nakusalimu, na namsalimu mkeo, ambaye hana kosa.

Umeniuliza habari za baba yako. Baba yako alinifundisha maneno machache ya kazi yake, kwa sababu jioni hakuwa na mengine. Moja ni kwamba breki ya upepo inachoka, na gogo halichoki. Jumanne ile alasiri nilipoisoma barua yako nilifika pale uliposema breki za upepo zimeshika. Nikajua. Halafu nikaendelea kusoma, kwa sababu mchele wangu ulikuwa unakuja. Saa ile Chenge alikuwa ameshakufa, lakini mimi sikuwa na habari hiyo. Ningeweza kwenda stesheni hapa mjini wakupigie simu ya reli. Nilikwenda kutafuta vibarua.

Tena nani aliyemtoa Chenge kwenye magogo yake akamweka mlangoni? Ni mimi, kwa mwandiko wangu. Barua hiyo nayo iko kwako, na usiichome. Kamati waione pia.

Nakupenda na ninaogopa. Nimelia hata nimechoka. Lakini siwezi kuuza mchele kwa mizani huku nikijua kuna mtu amelala Kisesa na jina ambalo si lake. Hata mchele nauona una macho.

Anayekupa barua hii ni Modesta. Nimemlipia nauli. Ana bahasha nyingine, ndani yake ni barua yako ya tarehe 12. Hajaifungua. Nimemwambia wewe ndiye utakayemsomea, neno kwa neno, na kwamba akishasomewa aichukue, ni mali yake. Akirudi bila kusomewa, Jumatatu nitakwenda mwenyewe mbele ya kamati niwaeleze ilivyoandikwa.

Nimekuachia njia hiyo moja, baba. Ipite kwa miguu yako.

Mama yako, Wilhelmina

—

Stesheni ya Isalanda
Alhamisi, 25 Aprili 2024

Mayu, shikamoo.

Modesta amefika na treni ya mchana. Nilimpa kiti, hakukaa. Nimemsomea.

Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana. Aliniomba nirudie pale Chenge alipouliza mara mbili. Nikarudia. Akaniomba tena. Nikarudia. Halafu akauliza ni kweli alicheka, nikamwambia ni kweli.

Ameikunja barua akaitia kifuani. Kisha akaomba nimwonyeshe gogo. Lilikuwa bado pale njia ya pili, kwenye majani, chokaa imetoka upande mmoja. Amelibeba yeye mwenyewe, hakutaka nimsaidie, na sasa amekaa nalo kwenye benchi la abiria akisubiri treni ya kurudi.

Na mimi napanda hiyohiyo, naenda kwa kamati. Daftari la wateja nimeliacha mezani, jina la Yeremia ndilo la kwanza. Barua yako ya tarehe 4 iko mfukoni mwangu.

Usije kunipokea stesheni. Nenda kwa mke wangu.

Machibya