Kiti cha Brodie

Budapest,
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa Rhonda,

Pokea salamu zangu kutoka huku nilipo, mbali na nyumbani kuliko nilivyowahi kuwa. Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa wazima, goti la shemeji Trevor limepoa, na kifua cha Mama kimeachia. Je, mvua zimefika huko nyumbani Moonta? Shemeji yako Merv ananiuliza kila tunapoamka, kana kwamba mimi ndiye mtabiri, kwa sababu aliacha mbegu za shayiri ghalani na hamwamini Trevor na ile mashine yake ya kupandia. Mwambie Trevor kwamba ni utani, ingawa Merv mwenyewe hakutania.

Mimi mwili ni mzima. Magoti tu ndiyo yanalalamika, maana mitaa ya huku imetandikwa mawe na watu wa kale ambao hawakufikiria kwamba siku moja tutapita sisi wazee. Postikadi niliyokutumia kutoka Praha naamini umeipata. Humo niliandika kwamba tunaendelea vizuri. Haukuwa uongo, lakini ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ndiyo hii, na nakuomba uisome ukiwa umeketi.

Unakumbuka siku ile jikoni kwako, wewe na Mama na Mchungaji Penrose mliponiambia kwamba Merv hawezi kuendelea vile. Tangu ile mashua ya makasia ipinduke katika mto Danube na mwanangu Brodie asionekane tena, wala tusipate hata mwili wa kuzika, Merv hakuwahi kulitamka jina lake. Ibada ya kumbukumbu aliikataa. Mkasema aletwe huku, auone mto kwa macho yake, huenda moyo ukakubali. Na kwa kuwa tulijua asingekuja Budapest moja kwa moja, tukachagua ziara hii ya kundi: Praha, Vienna, halafu Budapest mwishoni, ili uwe mji mmoja tu kati ya miji. Alikubali bila ubishi. Wakati ule nilidhani ni uchovu.

Kundi letu ni la watu wa kwetu karibu wote, wastaafu na wakulima. Anayetuongoza ni Zdenka, mama wa Kicheki mwenye sauti ya mwalimu mkuu, anayetembea mbele yetu na kitambaa cha manjano kwenye fimbo. Tuliozoeana nao zaidi ni Col na mkewe Valda, walima miwa wa Bundaberg. Col ni mtu wa mizaha. Kila Zdenka akisimama mbele ya kanisa, yeye humnong'oneza Merv kwamba hawa watu walikuwa na dhambi nyingi sana, la sivyo wasingejenga makanisa yote haya.

Usiku wa kwanza Praha, tukiwa mezani, Valda alituuliza kama tuna watoto. Nilijifanya natafuta chumvi, kama ninavyofanya siku zote. Ndipo nikamsikia Merv akisema kwamba tunaye mmoja, anaitwa Brodie, ni mpishi Budapest. Dada, tangu msiba ule sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Nilihisi kama mtu amefungua dirisha. Nilidhani ataishia hapo na kusema yaliyobaki. Hakuyasema. Aliendelea kueleza jinsi mtoto anavyopika samaki, jinsi alivyoanza kupiga makasia kule Wallaroo akiwa bado mwembamba kama ufagio. Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Tulipofika chumbani nilimuuliza anafanya nini. Alikaa ukingoni mwa kitanda akivua viatu, akasema taratibu:

“Niache, Glen. Hawa hawatujui. Niache niwe na mtoto siku chache.”

Nikamwacha. Ningefanyaje? Alilala usiku ule bila kidonge.

Basi habari za Brodie zikawa habari za basi zima. Njia nzima ya kwenda Vienna Valda hakuwa na lingine. Anaye binti, muuguzi, bado hajaolewa, na alisema kijana mwenye kazi na anayejua kupika hawezi kuachwa hivi hivi apotelee kwa Wahungaria. Col akamwambia Merv aanze kabisa kumwita yeye mkwe. Zdenka naye, kwa wema wake, alisema chakula chetu cha mchana cha Budapest atakipanga kwenye hoteli iliyo kando ya mto, na kiti kimoja kitaongezwa, ili kijana aje kula na wazazi wake. Kila mtu akapiga makofi. Nilimtazama Merv nikaona rangi imemtoka usoni. Mchezo ulikuwa umemzidi.

Pale Vienna aliniambia kwamba atawaeleza ukweli kabla hatujaondoka. Hakueleza. Kila akifungua mdomo, mtu humpiga bega na kumuuliza kijana anakunywa nini.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Meza ilikuwa ndefu, imeandaliwa dirishani, na mto ulikuwa pale chini, mpana, rangi ya chai yenye maziwa. Kiti cha Brodie kilikuwa kati yangu na Merv. Valda alikuwa amepaka rangi ya midomo. Zdenka alimwambia mhudumu asubiri kidogo kuleta supu, kuna mgeni yuko njiani. Tukasubiri. Mwishowe Merv aliinuka, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

“Naomba mnisamehe,” alisema. “Brodie hatakuja. Alizama kwenye mto huu mnaouona, wakati wa mafuriko, mwaka juzi. Hajapatikana. Nimewadanganya, na ninyi mmekuwa watu wema.”

Valda aliweka mkono mdomoni.

Sasa dada yangu, hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Nilisikia sauti ya mwanamke ikisema, kavu kabisa, sauti ya mtu anayekaripia:

“Msimsikilize. Safari imemchosha. Mtoto amechelewa kazini tu, anakuja.”

Ilikuwa sauti yangu.

Tena sikuishia hapo. Nilimgeukia mhudumu nikamwambia alete supu ya Brodie, asije akaikuta imekwisha.

Nyote mlidhani mgonjwa ni Merv, na mimi nikawaacha mdhani hivyo. Kwa kuwa yeye alikuwa kimya na mimi nilikuwa naoka mikate ya shukrani na kujibu rambirambi, mkaniita jasiri. Ukweli ni kwamba sikukubali hata siku moja. Mlipotaja Budapest jikoni kwako, moyo uliniruka kwa furaha, maana nilijua nitamkuta. Nilifikiri labda aligonga kichwa, akatusahau, yuko kwenye jiko fulani anamenya viazi bila kujua jina lake. Huku nimetazama kila kijana mrefu anayevuka barabara. Na nilipofungasha, chini kabisa ya nguo zangu, niliweka sweta lake la buluu, kwa sababu jioni za huku zina baridi naye hajui kujitunza. Merv hakuwa na uongo wa zaidi ya siku chache. Mimi nimeishi ndani ya wangu tangu siku ile tulipopigiwa simu ya msiba.

Merv hakubishana nami mbele za watu. Alikaa, akamwomba Zdenka kwa upole awapeleke wenzetu kuona ngome baada ya chakula, sisi tutabaki. Akaniambia, “Haya. Tutamngoja.”

Tukamngoja. Wenzetu walikula wakaondoka. Col alipopita alimshika Merv shingoni kama mtu anavyomshika ndugu yake, na hakuwa na mzaha wowote. Supu ya Brodie ililetwa ikawekwa mbele ya kiti. Niliutazama mvuke wake ukipungua, na mafuta mekundu yakiganda juu. Merv hakunihimiza. Mhudumu alikuja kuondoa sahani, akaiacha ile moja. Hatimaye nilisema, “Merv, haji.”

“Najua, Mama Brodie,” akasema.

Nililia pale mezani, dada, kilio ambacho sikulia nyumbani, na Merv alinikumbatia akilia pia, watu wa meza nyingine wakitutazama. Kisha tulishuka hadi ukingoni mwa mto. Merv alitaja jina la mtoto kwa sauti, mara kadhaa, kama alivyokuwa akimwita shambani jua likizama. Mimi nilisimama tu. Valda, ambaye tulidhani ameenda ngomeni, alikuwa nyuma yetu na maua ya sokoni, akanipa.

Leo jioni tunaanza safari ya kurudi. Nakuomba umwone Mchungaji Penrose, umwambie aitangaze ibada, Jumamosi yoyote atakayoiona inafaa. Merv anataka kusema maneno machache mwenyewe. Mama umweleze wewe kwa lugha yako, maana mimi nimejaribu mara mbili kumwandikia na kalamu imegoma. Wala msinisifu tena ujasiri. Mtakaponiona, nishikeni tu.

Nisalimie Trevor na wote wanaotuulizia. Mbusu Mama paji la uso, umwambie ni kutoka kwangu.

Mdogo wako akupendaye,

Glenys Tregenza,
mama yake marehemu Brodie